Vocha Haziingii na Ruta Haisemi Kosa? Pima Faili Kwanza

Juzi dada mmoja wa Malindi anayeuza intaneti kwa vocha aliniandikia kuhusu skripti yake, yaani amri zinazojiendesha zenyewe kuingiza vocha kwenye ruta: "Kaka, skripti inakwenda mpaka mwisho, haisemi kosa, lakini vocha haziingii hata moja. Mwezi uliopita zilikuwa zinaingia." Nikamuuliza faili lake la orodha ya vocha, lile linalosomwa na skripti, lina ukubwa gani. Kilobaiti sita, akasema. Basi, nikajua tatizo liko wapi.

Kwenye ruta za MikroTik zenye RouterOS (mfumo unaoziendesha) toleo la 6, skripti haisomi faili linalozidi baiti 4,096. Ukiomba `contents` (maandishi yaliyomo) ya faili kubwa kuliko hapo unapewa utupu, na skripti inaendelea kama kawaida. Orodha ikiwa fupi kila kitu ni shwari. Biashara ikikua, ndipo vocha zinapotea.

Mimi yalinikuta hayohayo hapa Amu (Lamu) msimu wa Maulidi, gesti za Mkomani na Langoni zimejaa wageni. Mwenye gesti niliyokuwa nikiihudumia akamwita fundi kutoka nje ya kisiwa. Yule bwana hakulifungua hata hilo faili. Alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba hawa vijana wa kujifundisha wenyewe ndio wanaoharibu kazi, na kwamba dawa ni kununua ruta kubwa zaidi. Maneno yale yananiuma hadi leo, maana ruta kubwa yenye toleo lilelile ina mpaka uleule! Nilikesha na kompyuta barazani, na kufikia adhana ya alfajiri vocha zote zilikuwa ndani ya ruta ileile ndogo ya hAP lite, yenye hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 32.

Nilichofanya ni kuacha kabisa kuisomesha skripti orodha. Amri ya `/import`, inayotekeleza amri zilizoandikwa ndani ya faili, haifungwi na mpaka ule, kwa hiyo seva yangu (kompyuta ambako ruta inavuta orodha) haitoi tena majina yaliyotenganishwa kwa koma. Inatoa faili la .rsc ambalo kila mstari wake ni amri kamili:

`:do { /ip hotspot user add name=amu48213 password=730164 } on-error={}`

Hiyo `on-error` msiiache. Bila hiyo, vocha moja tu ikiwa tayari imo ndani, kazi nzima inakatika hapo. Na kwa kuwa `/import` inatii chochote kilichoandikwa, vuteni faili kwa https na muweke `check-certificate=yes`, ili ruta ikague cheti cha seva. Nimeona watu wanavuta kwa http tupu, yaani mlango wa duka wazi usiku kucha.

Vijana wenzangu wa pwani, someni mipaka ya kifaa kabla ya kutoa pesa ya mteja. Anayekwambia "nunua kikubwa" mwulize kwanza kilichopo kimeshindwa wapi. Toleo la 7 la RouterOS limepanua mpaka huu wa baiti, ni kweli, lakini kwa ruta ndogo kama hAP lite nafasi inabana sana.

Dada wa Malindi seva si yake, hawezi kubadilisha faili. Yeye nimemwelekeza avute kwa vipande, akitumia `http-header-field="Range: bytes=0-4079"`, kisha 4080 hadi 8159, na kuendelea, mradi seva inakubali kukata. Kwa nini 4,080? Mistari yake ina jina la herufi 8, koma, na nywila ya tarakimu 6. Ukiongeza alama ya kushuka mstari unapata baiti 16, na 4,080 ni mistari 255 kamili: hakuna vocha inayokatwa katikati. Faili likihifadhiwa kwa mtindo wa Windows, kushuka mstari kunakula baiti mbili na hesabu yote inaharibika, kwa hiyo akague hilo kwanza. Faili lake la kilobaiti sita litaingia kwa vipande viwili.