Muulize Prof: Kwani Profesa wa Matatizo ya Usemi Hufanya Kazi Gani?

SWALI: Hujambo Prof. Mimi ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum huku Ahero, nina digrii ya elimu na nimefundisha muda mrefu sasa. Darasani nina watoto ambao hawaongei kabisa, na wengine wanaongea lakini ni mama zao tu wanaoelewa. Nimeanza kufikiria kurudi shule nisomee haya mambo ya usemi na mawasiliano mpaka nifike mahali uko, lakini nikiuliza watu hakuna anayejua hii kazi yenu ni ya nini hasa. Mume wangu anasema profesa ni mtu wa kukaa ofisini akisahihisha mitihani. Nianzie wapi? – Mwalimu, Ahero

JIBU: Mwalimu wangu, mpe baba watoto salamu zangu. Kusahihisha kupo, na mikutano ya idara iko mingi kuliko inavyohitajika, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Asubuhi naeza kuwa darasani nikifundisha venye mapafu, koo, ulimi na ubongo vinashirikiana ndio mtu atamke neno moja tu, mchana niko kliniki na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, alafu jioni ndio nafungua tasnifu za watu wa masta juu mchana haikuwa na nafasi.

Watu wengi hudhani ni mambo ya kigugumizi peke yake. La. Kuna mtoto aliyechelewa kuongea, kuna wa usonji, kuna aliyezaliwa na mdomo uliopasuka ambaye ameshafanyiwa upasuaji lakini sauti bado inatokea puani, kuna mwalimu kama wewe aliyepiga kelele darasani mpaka sauti ikaisha, kuna mzee aliyepata stroki. Na kuna kumeza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hushangaa sana hapo, lakini midomo na koo tunazoongea nazo ndizo tunazomezea, na mgonjwa wa stroki akinyweshwa uji akiwa amelala chali, ule uji waeza kuingia kwenye mapafu akapata nimonia na ikammaliza wakati kila mtu anaangalia presha.

Sasa acha nikupeleke kliniki uone mwenyewe. Tulikuwa na mzee mmoja fundi wa mashua kutoka upande wa Dunga, stroki ilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hivyo mkono wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Mwanafunzi wangu alikuja na mtihani wa picha unaoitwa Boston Naming Test, huo unatumika sehemu nyingi duniani, una picha 60 na mgonjwa anaulizwa hiki ni nini, hiki ni nini. Za mwanzo ni rahisi, kitanda, mti, penseli. Ukienda mbele unakutana na igloo, ile nyumba ya barafu, unakutana na mnyama anaitwa beaver, unakutana na mboga inaitwa asparagus. Mzee anaangalia ile picha, anamwangalia mwanafunzi, anatikisa kichwa, na mwanafunzi anaandika sifuri, sifuri, sifuri. Nikamwambia aweke hizo picha kando atoe simu, tukatafuta picha ya ngege na ya mbuta, samaki wa ziwa letu, ya nyavu, ya taa ya kuvulia omena. Ngege alisema papo hapo. Kwa mbuta akakwama, lakini akapima urefu wake kwa mkono mmoja juu ya meza, na nilipompa sauti ya kwanza tu, "mb", neno likatoka lote.

Hapo kuna mambo mawili ambayo kitabu hakingempa yule mwanafunzi. La kwanza, mzee anakijua kitu chenyewe, ni jina linakwama njiani, na kwa kuwa sauti ya kwanza inalifungua basi tiba inaanzia hapo. La pili, zile sifuri za mwanzo hazikuwa ugonjwa, zilikuwa barafu ambayo hajawahi kuiona. Tangu daktari Broca mwaka wa 1861 kule Ufaransa aeleze kuhusu mgonjwa wake aliyebaki na neno moja tu, "tan", tunajua ubongo ukiumia sehemu fulani ya mbele upande wa kushoto usemi unaharibika, hiyo ni sawa kwa karibu binadamu wote, Paris na Kisumu. Lakini jinsi ya kuupima huo uharibifu haiwezi kuwa sawa, na ukiniuliza kazi yangu ni ipi hasa ntakwambia ni hii, kuhakikisha mtu anayetoka kwetu na cheti anajua kutenganisha ugonjwa na tofauti ya lugha.

Na huku kwetu hiyo tofauti iko kila mahali. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hivyo mtoto wa Ahero akisema "samba" badala ya "shamba" hana shida yoyote, anaongea Kiswahili cha kwao. Ukienda Nakuru unakuta Gikuyu haina "l", na lugha za Kikalenjin hazitenganishi "p" na "b" kama Kiswahili kinavyotenganisha. Ukichukua orodha ya makosa ya matamshi iliyoandikwa Uingereza ukaileta darasani huku, nusu ya darasa utaiandikia tiba. Alafu kuna mtoto ambaye kweli ana shida na mwalimu anasema aah huyo ni lugha ya mama tu, atazoea. Huyo ndiye ananiuma zaidi. Njia ya kumjua ni kusikiliza lugha zake zote, mtoto mwenye tatizo la kweli litaonekana kwa Dholuo ya nyumbani na kwa Kiswahili cha shule pia, sio kwa moja tu, ndio maana lazima uongee na nyanya yake kabla ujaze fomu.

Utafiti nao ni sehemu ya kazi, na sio ule wa kujaza rafu za maktaba. Kule Kilifi watafiti walitengeneza orodha za maneno za kuwauliza wazazi mtoto anasema nini na anaelewa nini, kwa Kiswahili na Kigiriama, na wakazifanya ziwezekane hata kwa mzazi asiyejua kusoma, mtu anauliza kwa mdomo. Kulekule Kilifi ndio walifuatilia watoto waliopona malaria kali na wakaonyesha wengine hubaki na matatizo ya lugha. Sisi wa kando ya ziwa ambao malaria tunaijua kama jirani, hiyo inatuhusu moja kwa moja, mtoto anatoka wadini amepona, homa imeisha, watu wanashukuru Mungu, na hakuna anayeuliza kama bado anaongea venye alikuwa anaongea. Orodha kama hizo tunazihitaji kwa Dholuo, kwa Lubukusu, kwa Ekegusii, na mtu wa kuziandaa ni mtu kama wewe ambaye tayari anajua watoto wa huko husema nini wakiwa na miaka miwili.

Sasa njia yenyewe. Digrii yako ya elimu ni msingi mzuri lakini haikufanyi mtaalamu wa tiba ya usemi, na tafadhali usikubali mtu akuuzie kozi ya wikendi akakwambia tayari. Lazima upite kliniki. Marekani, ambako chama chao cha taaluma cha ASHA kilianza 1925, mtu wa masta anatakiwa amalize masaa 400 ya kliniki, 25 ya kuangalia na 375 ya kufanya kazi na mgonjwa mwenyewe akisimamiwa. Karibu na sisi, Makerere ilianzisha digrii ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na kutoka Ahero Kampala ni safari ya basi, unavuka Busia unaendelea. Ukiangalia kozi yoyote, hapa ama nje, swali la kwanza usiulize karo, uliza masaa ya kliniki ni mangapi na nani ananisimamia.

Baada ya hapo ni masta, alafu PhD. Kwa vyuo vyetu unaeza kuingia kama tutorial fellow, yaani mwalimu wa ngazi ya chini, ukiwa na masta na unaendelea na PhD, ukiimaliza unakuwa lekchara, kisha senior lekchara, kisha associate profesa, ndio ufike profesa kamili, na kila ngazi wanataka machapisho na wanafunzi uliowasimamia mpaka wakamaliza. Ni miaka mingi na pesa hazitoki haraka, mwambie mume wako mapema ndio mpange pamoja. Usiache kliniki hata ukipanda cheo. Profesa asiyegusa mgonjwa huanza kufundisha kumbukumbu, na wanafunzi wanajua.

SWALI: Prof habari. Mimi ni mama wa Nakuru, Kaptembwa. Kijana wangu atafikisha miaka mitatu na anasema "mama" na "maji" tu, vingine anaonyesha kwa kidole. Mama mkwe anasisitiza akatwe kale kanyama ka chini ya ulimi, ati ndio kamemfunga. Tena wengine wanasema ni juu tunamchanganya, baba yake anaongea Kiluhya, mimi Kikuyu, na nje ni Kiswahili. Nifanye nini? – Mama kijana

JIBU: Mama, heshimu mama mkwe lakini wembe usikaribie mdomo wa mtoto. Kale kanyama kakiwa kafupi sana kaeza kumsumbua mtoto kunyonya, na mara chache kumsumbua sauti fulani fulani, lakini hakazuii mtoto kujifunza maneno. Kijana wako anasema "maji" vizuri. Ulimi unafanya kazi.

Kitu cha kwanza ni masikio. Kabla ya yote apimwe kusikia, na usiseme anasikia kwa sababu anageuka mlango ukigongwa, mtoto anaeza kusikia mlango na asisikie "s" na "f". Mwambie daktari kama aligeuka manjano sana alipozaliwa, kama aliwahi kuwa na homa ya uti wa mgongo, kama alilazwa akadungwa sindano nyingi, kwa sababu dawa zingine kama gentamicin zaeza kuumiza masikio. Mtoto wa miaka miwili tunatarajia awe na maneno kama 50 na aanze kuunganisha mawili, "mama kuja", "maji ingine". Wako ana mawili na anakaribia mitatu, kwa hivyo usingoje, na usikubali ule usemi wa kwamba wavulana huchelewa. Nenda hospitali, na pia uliza ofisi ya elimu kuhusu EARC, vile vituo vya kupima watoto vilivyoanza 1984, kazi yao ni hiyo.

Na lugha tatu hazijamharibu. Watoto wengi wa Nakuru wanalelewa hivyo na wanaongea zote. Wewe ongea naye Kikuyu, baba aendelee na Kiluhya, kila mtu ile anayoijua vizuri, juu mzazi akiongea lugha asiyoizoea anaongea kidogo na mtoto anahitaji mengi. Ukipika mtajie, kitunguu hiki, sufuria ni moto, leta kijiko. Akionyesha kikombe kwa kidole usikimbie kukileta kimya kimya, sema "unataka kikombe? kikombe hiki hapa", ngoja kidogo, alafu mpe. Ile simu ya katuni ipunguze, haimjibu.

SWALI: Prof, mimi ni kijana wa Bungoma, nina kigugumizi tangu utotoni. Nilipita kidato cha nne vizuri na nataka kusomea hii taaluma na siku moja nifundishe chuo. Mjomba amenicheka, anasema lekchara ni mdomo. – Msomaji, Bungoma

JIBU: Kijana wangu, hii taaluma ilijengwa na watu wa aina yako. Charles Van Riper alikuwa na kigugumizi kikali na ndiye alianzisha kliniki ya usemi pale chuo cha Western Michigan, Marekani, mwaka 1936. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, hukohuko Marekani, vilevile, alikuwa na kigugumizi na akawa profesa mkubwa. Huyo wa pili ntakufundisha pia upande wake mbaya, kwa sababu mwaka 1939 mwanafunzi aliyekuwa chini yake alitumia watoto 22 wa nyumba ya mayatima kule Davenport, na baadhi yao ambao walikuwa wanaongea vizuri tu wakaambiwa wana shida ya kuongea, wakaanza kuogopa midomo yao wenyewe. Chuo kiliomba msamaha 2001. Kwa hivyo mjomba akikucheka, ujue unachofanyiwa kina historia na kina madhara, na mwambie hivyo kwa heshima.

Karibu mtu mmoja kwa kila 100 ana kigugumizi, hauko peke yako. Kwa mahojiano ya kuingia chuo, sema mapema kabisa, "nina kigugumizi, nikikwama nipeni muda, msinimalizie sentensi." Ukishasema hivyo mzigo wa kuficha umepungua, na kwa wengi kuficha ndiko kunazidisha kukwama. Darasani hakuna mwanafunzi amewahi kufeli kwa sababu lekchara alichukua sekunde tano kutoa neno. Sai jitahidi na biolojia na lugha, na ukiwa na wakati omba shule ya viziwi iliyo karibu na wewe ujitolee likizo moja, ujifunze lugha ya ishara. Utaitumia kuanzia mwaka wa kwanza.