Mwanangu, umeniuliza ya majuu na ya jeshi

Mwanangu salama? Voisi yako niliisikiliza kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikairudia tena nilipofika nyumbani. Unasema "shangazi niambie ukweli, maisha huko yakoje, na mimi nikitaka kuingia jeshi la Uingereza napita wapi, manake hapa Malindi kuna jamaa anapeleka vijana Urusi lakini mimi naona bora huko kwako". Ntakujibu yote, ila hilo la kwanza nalikata fupi.

Pesa ipo. Siwezi kukudanganya nikwambie haipo na kila mwezi nyanyako anapata. Lakini kodi ya nyumba, umeme, gesi, nauli, vyote vinataka kabla hujanunua hata unga, na kinachobaki ndo hicho mnachokiona hapo mtaani Barani mkadhani huku pesa zinaokotwa. Baridi unaizoea. Upweke mimi sijauzoea mpaka leo, Ramadhani nafuturu tende na chai nimesimama kwenye jiko la mtu kisha narudi kazini, hakuna adhana wala hakuna jirani wa kukuletea hata kibakuli cha mahamri. Sijuti kuja lakini, nieleweke hapo.

Sasa hili la jeshi.

Ni kweli Mkenya anaruhusiwa kuomba kwa sababu tuko Jumuiya ya Madola, wako Wafiji, Waghana, na Wakenya pia wako. Nafasi za wageni si nyingi na si kila wakati ziko wazi. Na ni kweli ukishatumikia miaka 4 unaweza kuomba kibali cha kukaa huku moja kwa moja. Hayo wenzako waliyokwambia si uongo. Ila hawakukwambia habari za huyu mama ninayemlea.

Wajua kazi yangu ni kulea wazee majumbani, mji mdogo karibu na Lichfield. Huyu mama jina lake silitaji. Mwanawe alikuwa askari wa miguu, alikufa Sangin, mkoa wa Helmand huko Afghanistan, mwaka 2009, ana miaka 20, umri wako wewe saa hii. Mwaka ule peke yake Waingereza walipoteza zaidi ya askari 100, na vita vyote walikufa 457. Sangin ni mji mdogo tu lakini humo humo walifia zaidi ya 100.

Nlikuwa namchana nywele siku moja akaanza kunieleza, sikumuuliza. Anasema walikuwa wanatembea mstari mmoja, wa mbele kashika mashine ya kusikilizia chuma ardhini, wa nyuma anakanyaga pale pale alipokanyaga mwenziwe, asitoke hata shibiri moja, manake mabomu yalizikwa njiani, kwenye vijia vya mashamba, kando ya mifereji, na mengine yalitengenezwa na chuma kidogo sana hata mashine haisikii kitu. Mwanawe ndo alikuwa wa mbele. Alinieleza vile mashine inavyoshikwa, akanyoosha mkono wake unaotetemeka akaupeleka kulia na kushoto juu ya kapeti, polepole, na mimi nimeshika kitana nyuma yake sijui nifanye nini.

Serikali yao ilimpa msalaba mdogo wa fedha, unaitwa Elizabeth Cross, ulianzishwa mwaka huo huo wa 2009 kwa ajili ya jamaa za askari wanaouawa. Anauweka droo moja na dawa zake, kwa hivo kila asubuhi nikimtolea vidonge nakiona kikasha chake. Agosti 2021 Taliban, wale wale Waingereza waliokuwa wakipigana nao, walipoingia Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, tulikuwa pamoja tunaangalia TV. Sangin yenyewe walikuwa wameshaichukua tangu 2017. Akaniambia zima. Kisha akaniuliza, sasa mwanangu alifia nini? Mimi nikanyamaza, ningemjibu nini mtu mzima yule.

Kila tarehe 11 Novemba, siku yao ya kukumbuka askari waliokufa, kama hali yake inaruhusu, tunampeleka na kiti chake cha magurudumu mpaka kule bustani ya kumbukumbu ya askari Staffordshire, si mbali. Kuna kuta kubwa za mawe meupe zina majina zaidi ya 16,000, wote waliokufa kazini tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Zimejengwa kwa hesabu, siku hiyo saa 5 asubuhi jua linapenya kwenye ufa wa ukuta likaangukia shada la shaba katikati, kama mawingu hayajaziba. Watu wote wanaangalia jua. Yeye haangalii, yeye anatoa leso anafuta herufi za jina la mwanawe moja moja, anaingiza kidole ndani ya kila herufi. Na kando, mwanangu, kuna ukuta mtupu umeachwa, wameweka nafasi ya majina mengine kama 15,000. Wa watu ambao bado wako hai.

Na huyo ni wa kwao, aliletwa nyumbani kwa ndege, akazikwa, mamake ana pa kwenda. Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwakokota watu wetu kwa maelfu kubeba mizigo, wakafa na maradhi na njaa, na 2021 tume yao wenyewe ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Ikachukua miaka mia kuomba radhi.

Huyo jamaa wa Urusi ndo kabisa usimsogelee. Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia jeshi la Urusi, wengine waliahidiwa udereva, wengine ulinzi, wakasainishwa karatasi za Kirusi wasizozielewa, wakajikuta mstari wa mbele huko Ukraine. Kuna familia hapo nyumbani hazina maiti wala hazina habari. Fikiria mke wa mtu kama huyo, hajui aanze eda ama angoje simu. Mamake hajui asome khitma ama aombe dua arudi salama. Kama pasipoti yako iko kwa huyo jamaa kaichukue leo hii, usingoje kesho, nenda na ami yako kama unaogopa kwenda peke yako.

La Uingereza mimi sikukatazi, ushakuwa mtu mzima, na fomu nitakuelekeza penye kuzipata. Lakini nakujua, najua wifi hujamwambia, manake nimeongea naye juzi akanieleza habari za samaki na harusi ya jirani na hili hakuligusa. Mwambie. Usimwambie "kazi ya majuu", mwambie askari wa miguu, na umweleze hiyo mashine inashikwa na nani. Jumapili mimi sina shifti, nipigieni mkiwa wawili, na simu aishike yeye kwanza.