Kabla ya Kununua Oltaneta, Pima Waya wa Bodi

Gari langu ni pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, ya mwaka 1994, ambayo kwa miaka minne sasa hubeba chumvi kutoka mashamba ya pwani ya Lindi kwenda Masasi, na msimu wa korosho ukianza hubeba magunia ya korosho. Injini yake haijanisumbua. Kilichonimalizia fedha ni umeme, na sehemu kubwa ya fedha hizo niliitoa kwa kununua vipuri ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Tatizo la kwanza lilijitokeza usiku, nikiwa njiani baada ya kuipita njia panda ya Mingoyo. Kila nilipokanyaga breki, taa ndogo za nyuma zilififia, na globu ya indiketa ya kushoto ikawaka kwa mbali ingawa sikuwa nimewasha indiketa. Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza maelezo yangu bila kufungua chochote, akasema oltaneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imechoka. Nilinunua iliyotumika, ikafungwa, na taa zikaendelea vilevile. Wa pili akasema ni betri. Nilinunua betri mpya, na kwa siku mbili nilijidanganya kwamba taa zimeongezeka nguvu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Masasi anayetengeneza umeme wa magari chini ya mwembe. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia akaenda nyuma ya gari, akaniambia nikanyage breki, akacheka. “Mwanangu,” akasema, “umeme huu haukukosa njia ya kuja. Umekosa njia ya kurudi.”

Katika gari, waya wa moto huleta umeme hadi kwenye globu, lakini kurudi kwake hadi kwenye ncha hasi ya betri hutegemea chuma cha bodi na chasisi. Taa ya nyuma yenye globu tatu huweza kuwa na waya mmoja tu wa bodi, yaani wa kuurudisha umeme kwenye chuma cha gari, kwa zote. Waya huo ukishika kutu, umeme wa breki hutafuta upenyo mwingine, nao hupita ndani ya globu ya jirani ili ufike upande wa pili. Ndiyo maana indiketa yangu iliwaka bila kuwashwa. Ukiona taa moja inaiamsha nyingine, au indiketa inacheza pamoja na breki, acha fyuzi na swichi kwanza. Anza na bolti ya bodi.

Mzee hakuishia kwenye kukisia. Alichukua mita ya kawaida ya kupimia umeme, akaiweka kwenye volti za umeme mnyoofu (DC), ncha moja akaigusisha kwenye ncha hasi ya betri kwa waya mrefu aliokuwa ameuunga mwenyewe, na ncha ya pili kwenye chuma cha soketi ya globu. Breki ikiwa imeachwa, mita ilisoma karibu na sifuri. Nilipokanyaga, ikapanda hadi 2.8. Katika njia nzuri ya bodi, kipimo hicho, taa zikiwa zinawaka, hakipaswi kuvuka sehemu chache za kumi za volti. Hizo 2.8 zilikuwa zinaliwa na kutu, na globu ilikuwa inafanya kazi kwa mabaki.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Nyumbani nilikuwa tayari nimekwisha kuupima waya uleule kwa kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, gari likiwa limezimwa, na mita ikaniambia waya ni mzima. Mita haikudanganya. Kipimo cha omu hupitisha umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata unyuzi mmoja uliosalia kati ya nyuzi thelathini unatosha kuufikisha upande wa pili. Globu mbili za breki, zenye wati 21 kila moja, huhitaji zaidi ya ampea tatu, na unyuzi mmoja wenye kutu hauwezi kuzipitisha bila kuzipunguza. Kwa hiyo pima waya ukiwa kazini: taa zimewashwa, honi inapigwa, stata inazunguka. Kwa stata, gusisha ncha moja ya mita kwenye ncha hasi yenyewe ya betri, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, kebo ya bodi au kibano chake ndicho cha kushughulikia kabla ya kuishusha stata.

Bolti yenyewe tuliikuta ndani ya chasisi, karibu na taa ya kushoto, mahali ambapo maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye magunia hushukia. Ilikuwa imevaa ukoko wa kijani na mweupe, na waya ulikatika mkononi mwa mzee alipougusa. Alisugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akafunga waya mpya, akakaza, ndipo akapaka grisi juu. Aliniambia kwamba grisi huja baada ya kukaza, kwa kuwa kinachopitisha umeme ni chuma kilichobana chuma. Malipo yake hayakufika hata robo ya bei ya ile oltaneta. Kuhusu oltaneta ya zamani, niliirudisha kwenye gari baadaye nikaipima injini ikiwa inanguruma: volti 14.1 kwenye betri. Oltaneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.4 hivi, na kipimo hicho kingechukua dakika moja.

Tatizo la pili lilikuwa betri kuisha gari likiwa limelala. Kwa hili nililifuata jambo mwenyewe. Nilizima kila kitu, nikafungua kebo ya hasi, nikaiweka mita katikati ya kebo na betri kwenye kipimo cha ampea kumi. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa imekaa hivyo, kwa sababu utaunguza fyuzi yake. Gari la umri huu likilala halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05; langu lilivuta 0.4. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini kwa siku tatu hula karibu ampea-saa 29, yaani karibu nusu ya betri ya 65. Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku nikiitazama mita, hadi ilipoanguka nilipochomoa ya redio. Aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa ameunga kikuza sauti chini ya kiti moja kwa moja kwenye moto wa kudumu. Nimekihamishia kwenye waya unaozimika pamoja na ufunguo.

La tatu ni fyuzi iliyokuwa ikikatika kila baada ya siku chache, na ambayo dereva wangu wa zamu alikuwa ameizungushia karatasi ya sigara inayong'aa ili aweze kufika. Sikumgombeza sana, maana alikuwa peke yake usiku, ila waya wenye shoti, yaani uliogusa chuma cha gari, usio na fyuzi unaweza kuliteketeza gari zima. Njia niliyofundishwa ni kuweka globu ya wati 21 mahali pa fyuzi kwa nyaya mbili. Shoti ikiwepo, globu huwaka kwa nguvu zote, na umeme unaopita hauzidi ampea mbili, hivyo hakuna kinachoungua. Kisha unazima vitu vyote vinavyotumia fyuzi hiyo, unachomoa soketi moja moja na kuutikisa mkono wa nyaya, yaani fungu la nyaya zilizofungwa pamoja, kipande kwa kipande, jicho likiwa kwenye globu.

Yangu ilizimika nilipougusa mkono wa nyaya nyuma ya kabini, pale unapopita kwenye tundu la chuma. Mpira wa kulinda tundu ulikuwa umetafunwa na panya, bila shaka katika zile wiki ambazo gari lililala ghalani kando ya magunia ya korosho, na waya wa kahawia ulikuwa uchi kwa upana wa kucha. Nimeufunga, nimeweka mpira mpya, na sasa gari hulala nje.