Daftari la safu nne

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya humanite, yaani sekondari yetu hapa Kongo, afanye nini ili asikwame katika historia, jiografia, sosholojia na uchumi-siasa? Jibu la haraka ni "asome sana". Lakini hapa Lubumbashi wapo waliosoma usiku kucha na bado wakaanguka. Wamemeza noti za mwalimu, na siku ya disertasio, ile insha ya mtihani, wanazimwaga zote bila kugusa swali lililoulizwa.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne. Ya kwanza: wazo, kwa sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Ya pili: sababu, yaani nini kinasukuma nini. Ya tatu: mfano wenye mahali na mwaka. Ya nne: pingamizi. Safu ya pili na ya nne ndizo hubaki tupu, na huko ndiko pointi zinakopotelea.

Tuchukue mgomo wa Desemba 1941, maana ulitokea hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Historia inakupa tukio: tarehe 9, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wamejaa kwenye uwanja wa mpira, askari wanapiga risasi, na msemaji wao, Léonard Mpoyi, anauawa. Uchumi unaeleza kwamba vita vilipandisha bei huku mishahara ikibaki nyuma. Jiografia inakuonyesha mji uliopangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu kwao, Waafrika katika mtaa wa Kamalondo na kwenye makambi ya kampuni, katikati ukanda mtupu. Sosholojia nayo inauliza kwa nini watu hao waliweza kusimama pamoja. Walilala kambi moja, wakaingia zamu moja, wakapokea posho ile ile. Shida ya mmoja ilionekana kwa wote. Na vyama vya wafanyakazi Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946 tu, kwa hiyo hapakuwa na mlango mwingine wa kudai.

Sasa safu ya nne. Kama njaa peke yake inaleta mgomo, mbona vijiji vingi vyenye njaa zaidi havikugoma? Mwanafunzi anayejiuliza hivyo ameshapata nusu ya disertasio yake. Aongeze pia kwamba idadi ya waliokufa inabishaniwa: hesabu ya utawala wa kikoloni na hesabu za wengine hazilingani. Asiandike namba bila kusema ni ya nani.

Kwa uchumi-siasa, mfano bora uko kwenye sahani. Sehemu kubwa ya mahindi ya bukari yetu, yaani ugali, inatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yasitoke, unga unapungua sokoni na bei inapanda, hata kama walaji hawajaongezeka hata mmoja. Chora mikondo miwili ya ugavi na mahitaji, halafu useme ni upi umehama. Wengi huhamisha yote miwili, na hapo mchoro hauelezi tena kitu.

Uchunguzi mdogo sokoni nao unafundisha kuliko kurasa kumi za noti. Maswali sita yanatosha. Yaandike moja kwa moja kwa Kiswahili utakachotumia kuuliza, uyajaribu kwa watu watatu kabla ya kuanza. "Je, bei imepanda sana?" ni swali bovu, kwani limeshajijibu. Uliza: "Mfuko wa unga wa kilo 25 umeununua bei gani mara ya mwisho, na lini?" Usiulize mama zako na jirani zao tu, pita meza moja, ruka mbili, uliza ya nne, mpaka mwisho wa soko. Na ukihoji watu 12, andika "4 kati ya 12". Asilimia kwa watu wachache hivyo ni mapambo.

Kuhusu Exetat yenyewe, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: disertasio hufanywa katika hors session, sehemu inayotangulia siku nne za maswali ya kuchagua. Robo ya muda itumie kwenye karatasi ya rasimu, na upige mstari chini ya kitenzi cha swali. Kulinganisha si kueleza, na kujadili kunadai pande mbili. Kwa maswali ya kuchagua, funika majibu kwa kiganja, jibu kwanza kichwani, ndipo ufunue; majibu ya uongo hutungwa yafanane na makosa yenu ya kawaida. Ukirudia mitihani ya zamani, andika pia kwa nini kila jibu baya ni baya. Ni kazi ya kuchosha, lakini sijui njia ya mkato.

Uraia usiusome kwenye daftari la kaka. Madaftari mengi ya kurithi bado yana majimbo 11 ya Kongo, wakati tangu 2015 ni 26 pamoja na Kinshasa, na Katanga ya zamani imekuwa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tafuta Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile iliyorekebishwa 2011, na uanze na vifungu viwili: cha 1, kinachotaja lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, na cha 220, kinachosema ni mambo gani hayawezi kurekebishwa.