Jibu: mashine ya mbao ya mtumba haina kava, niitumie hivyo hivyo?

Ndugu uliyeuliza hapo juu, umesema unafungua karakana Lamu, umenunua mashine ya mtumba ya kupasulia mbao, ile ya meza, imekuja bila kava ya kufunika bledi na aliyekuuzia akakwambia kava ni pambo tu, mafundi wa kweli hawaitumii. Ukauliza kama ni lazima ama ni hofu za watu wa ofisini. Naona waliokujibu wengi wamesema "kua makini tu kaka, utazoea". Mimi ntakujibu kwa urefu manake nina vidole tisa na nusu, na hiyo nusu nyengine iliniacha siku ambayo nilikua makini kweli kweli.

Ilikua Malindi, karakana ya tajiri mmoja sitamtaja, tunatengeneza vitanda na makabati ya nyumba za Wataliano. Mashine kama hiyo yako, bledi inchi 12, imewekwa swichi ya kawaida kama ya taa ukutani. Mchana stima ikapotea, na watu wa pwani mnajua, mtu hata hashtuki, anatafuta tu pa kukaa. Bledi ikazunguka ikazunguka mpaka ikasimama kabisa. Kulikua na kipande cha mwembe kimenasa kati ya bledi na tundu la meza, nikasema bora nikitoe sahii imesimama kuliko baadaye ikizunguka. Sasa hapo umakini gani tena unautaka? Nikainama, nikaingiza vidole vya mkono wa kushoto. Kitu cha kwanza kuskia ni redio ya kinyozi wa jirani, imeanza ghafla katikati ya wimbo. Wallahi niliskia redio kabla sijaskia uchungu. Stima imerudi, na swichi yetu hakuna aliyeizima.

Kidole cha pete kilikatika kwenye kiungo cha juu. Damu haikutoka papo hapo, kwanza nilikiona cheupe na vumbi la mbao limegandia pale, nikawa nakiangalia kama cha mtu mwengine. Tajiri akalipa hospitali, akanipa na posho ya wiki mbili, akasema mimi nilizembea. Nikakubali, manake hata mimi nilijiona nimezembea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale mzembe wa kwanza ilikua swichi.

Kwa hivyo kabla hatujafika kwenye kava, anza na swichi. Swichi ya kawaida ukiiweka imewaka inabaki imewaka, stima ipotee saa moja irudi, mashine inaanza yenyewe hata kama wewe umelala juu ya meza. Ile inayotakikana ni ya vidude viwili, kijani na nyekundu, na ndani yake kuna koili, waya uliosokotwa unaokua sumaku stima ikipita, inayovuta kontakta, ule mguso unaopitisha stima kwenda kwenye mota. Stima ikikatika koili inaachia, kontakta inafunguka, na stima ikirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu mwenyewe aje abonyeze kijani. Si kitu kikubwa, maduka ya vifaa vya stima wanayo, waambie staata ya mota na uwape nguvu ya mota yako. Lkn fungua uangalie ndani, usitosheke na kuona kijani na nyekundu kwa nje. Hizi za mtumba nyingi koili ilishaungua zamani, fundi stima akaunganisha nyaya moja kwa moja, vile vidude vimebaki sanamu.

Tukija kwenye kava yenyewe, hapa ntakwambia kitu ambacho nilikijua baada ya kufungua karakana yangu. Kava inayotolewa ni kava mbaya. Ya kwanza niliyotengeneza ilikua ya bati zito, imefunika kila kitu, nkajiona nimefanya la maana. Siku ya tatu naingia nakuta vijana wamei­ng'oa, wameiweka chini ya makopo ya vanishi. Nikawaka, nikafoka, nikairudisha mwenyewe. Wakaing'oa tena. Bas siku moja nikasimama kwenye mashine nikapasua mbao sita mimi mwenyewe na ile kava, ya tatu tu nikaitoa kwa mikono yangu. Huoni mstari, ubao mwembamba unagonga pembeni, kila ukibadilisha unene ufungue nati nne. Nani atakaa na kitu kama hicho siku nzima na mteja anapiga simu?

Ya pili nikaitundika kwenye mkono wa chuma unaotoka juu, pembeni ya meza. Ni nyembamba, ubavuni nimetia perspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, unaona bledi inavyoingia, na inashuka kupanda kwa mkono mmoja bila spana. Unaishusha mpaka iwe juu kidogo tu ya ubao. Hiyo ina miaka sasa na hakuna aliyeigusa, na mimi sijafoka tena. Kwa hivyo kijana wako akitoa kava, kabla ya kumgombeza, simama wewe mahali pake ufanye kazi nusu saa.

Halafu kuna kile kisu cha nyuma ya bledi, bamba la chuma lililosimama, watu wengi hata hawajui ni cha nini, mashine ikija nacho wanakifungua wanatupa. Ndugu yangu kile kisu mimi nakithamini kuliko kava. Iko hivi. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanaukandamiza ubao kwenye meza, hayana shida. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukishapasuliwa ukajibana, ama ukapinda kidogo ukagusa yale ya nyuma, yanaunyanyua na kuurusha kwako. Na mbao zetu ndio hizo, mwembe haujakauka vizuri, mvinje una nguvu za kujipindua, unapasua huku nyuma unafunga mdomo kama chaza. Fanya hesabu, bledi ya inchi 12 kwenye mota ya mizunguko 2900 kwa dakika, jino linakwenda karibu mita 46 kwa sekunde, yaani kama kilomita 165 kwa saa. Matatu ya Malindi Mombasa haijafika huko, na wale hujaribu. Ubao ukirudi kwa mwendo huo unakupiga tumboni, na mkono uliokua ukiusukuma unabaki hauna kitu cha kusukuma, unaanguka mbele, na mbele kuna nini?

Kisu kinakaa kwenye njia ya bledi, kinazuia ubao usijifunge. Lazima kiwe kinene kuliko bamba la bledi, yaani mwili wake, na chembamba kuliko mkato wa meno, yaani upana wa ufa yanaouacha. Bledi yangu bamba ni milimita 2.2, mkato 3.2, kisu nimekichonga kwa chuma cha milimita 2.6. Na kisikae mbali, pale kwenye usawa wa meza kisizidi milimita 8 kutoka kwenye meno, manake ukikiweka mbali ubao unajifunga kabla haujakifikia. Hata hivyo usisimame kwenye mstari wa bledi, simama ubavuni. Na mwisho wa ubao, ile futi moja ya mwisho, mkono uachie, chukua kijiti cha kusukumia. Mimi nimevifunga viwili kwa kamba kwenye mashine yenyewe, manake kijiti kikiwa kwenye rafu huko hakuna atakayekwenda kukichukua.

Sasa belti, manake hapo kwenye picha yako naona belti na puli ziko wazi pembeni, na picha nyengine kijana amevaa kikoi. Nimecheka lkn si kicheko cha furaha.

Mimi kazi nilijifunzia Lamu kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, alikua na mashine ya randa inayoendeshwa na injini ya dizeli kwa belti ndefu. Huko watu wote tunafanya kazi na vikoi, joto lile suruali ya nini. Jamaa mmoja akapita kati ya ukuta na injini kuchukua patasi, ncha ya kikoi ikaingia pale belti inapokutana na puli. Hatukuona hata kilivyokwenda. Tulimuona tu amesimama na chupi, kikoi kimejisokota kwenye puli, na yeye bado ameshika hewa pale kiunoni. Tulicheka wiki nzima, akapewa na jina. Mzee hakucheka. Alizima injini, akamwita kwa Kiamu, "ndoo hapa", yaani njoo, akamvua saa ya mkononi akaitia mfukoni mwake, akasema hini nitakupa jioni.

Baadaye sana nilipiga hesabu yake, kwa mota ya stima si ile injini. Mota ya kawaida inazunguka mara 1440 kwa dakika, ni mara 24 kwa sekunde. Puli ya inchi 4 inavuta kama mita saba na nusu kwa sekunde. Kikoi chote kinakwisha ndani ya robo sekunde. Wewe kupepesa jicho tu na kuelewa kuna nini tayari robo sekunde imepita. Yule aliponea kwa sababu kikoi ni fundo tu, kiliachia. Angekua na shati la mikono mirefu, ama kanzu, ama glavu, hakuna cha kuachia hapo, inayofuata ni nyama. Na glavu hizo nasema makusudi, kuna watu wananunulia vijana glavu wakiona ndio usalama. Kwa kubeba mbao sawa. Kwenye bledi inayozunguka na drili, vua.

Kava ya belti ndio rahisi kuliko zote, haisumbui kazi, haina sababu ya kufunguliwa. Tengeneza sanduku la plaiwudi ama bati, ukitaka mota ipumue weka waya, lkn si ule wa kufugia kuku, kidole kinapita chote. Tundu lisizidi milimita 6, na waya ukae sentimita moja na zaidi kutoka kwenye belti. Ufunge kwa skrubu. Kamba na misumari iliyopindwa haikai.

Kuna jambo moja naliongeza kwa sababu uko Lamu na najua utaletewa. Mbao za majahazi kuukuu. Sahii wateja wanazipenda, fremu za vioo, meza, viti, ukiandika imetoka kwenye jahazi bei inapanda. Mle ndani kuna misumari iliyoliwa kichwa na kutu, juu unaona doa jeusi tu. Jino la kabaidi, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye bledi, likigonga pale linavunjika na linaruka, na likiruka halichagui. Mimi nina sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu, nimeifunga uzi, naipitisha polepole pande zote mbili za ubao kabla haujakaribia mashine. Ikivutwa naweka alama ya chaki nachimba. Inachosha, kuna ubao mmoja niliutoa misumari kumi na moja. Miwani pia, hiyo sina haja ya kukueleza.

Kuhusu sheria, kuna aliyesema hapo juu eti karakana ndogo haihusiki. Inahusika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haingoji uwe kiwanda, mwenye mashine ndiye wa kuhakikisha sehemu hatari zimezibwa. Na kuna nyengine ya mwaka huo huo, ya fidia ya majeraha ya kazini, watu wanaiita WIBA. Kijana hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu, hata kama ni mwanagenzi, bado ni mfanyakazi wako. Akilemaa moja kwa moja asiweze kazi tena fidia ni mshahara wa miezi 96, na akipoteza sehemu kama mimi inahesabiwa kwa asilimia ya hiyo. Na unatakiwa uwe na bima yake. Mdai ana miezi 12 tangu siku ya ajali. Mimi nilikuja kuijua wakati miezi 12 imeshapita zamani, nimekaa nikijilaumu na wiki mbili zangu za posho. Sikwambii kukutisha, nakwambia sababu wewe sasa ndio tajiri.

Na ukitaka kubadilisha bledi ama kutoa kitu kilichonasa, usitegemee swichi yoyote, hata hiyo nzuri. Chomoa plagi uitie mfukoni. Kama imefungwa moja kwa moja kwenye mein, ile swichi kuu ya stima, zima mein na utie kufuli dogo, ufunguo ukae na yule ambaye mkono wake uko ndani. Kwangu tulikua na kijana akizima tu, mwenzake aliyekua akisikiza simu akaja akawasha. Hakuumia mtu, lkn kufuli tulinunua jioni hiyo hiyo.

Sasa fundi stima akimaliza kukufungia staata mpya, usimlipe bado. Toa bledi, washa mota, iache izunguke. Mwambie azime mein, mota isimame kabisa, mhesabu mpaka thelathini, halafu awashe mein na asiguse kitu chengine chochote. Wewe simama mbali uangalie mhimili. Ukianza kuzunguka wenyewe, mwambie afungue tena.