Kabla Hujanunua Plota: Stika na Mabango ya Vinili Kutokea Nyumbani

Kukata jina la duka lenye herufi kumi na mbili kwenye vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, ni kazi ya dakika chache kwa plota, mashine inayokata kwa kisu ikifuata mchoro wa kompyuta. Chai haijapoa, mashine imeshanyamaza. Kinachofuata ndicho kinachokula muda: kuchambua ziada (kung'oa vinili isiyotakiwa), kubandika tepu, kusafisha kioo, kupima, kubandika. Kabla ya hapo kuna faili ambalo mteja amelituma likiwa bovu. Ukijumlisha, kazi ya dakika chache imekuwa ya saa tatu, na anayeanza amekwisha kutaja bei ya vinili peke yake. Biashara hii haiui watu kwa kukosa wateja. Inawaua kwa kazi za mikono ambazo hakuna aliyezilipia na stika zinazorudi zimebanduka.

Kuhusu mashine, ukubwa uchaguliwe kwa kazi unayoilenga. Plota za mezani hukata upana wa takriban sm 30, zinazotosha kwa lebo za chupa, stika za kompyuta na daftari. Milango ya magari na vioo vya maduka vinadai mashine inayopokea roli ya sm 61, kwa sababu vinili ya mabango huuzwa sana kwa upana huo. Ukiwa na mashine ndogo utapasua roli kwa mkono, na bango kubwa litakuwa na maungio yanayoonekana hadi ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Je, mashine inapokea faili kutoka programu yoyote, au imefungiwa kwenye programu yake yenyewe? Inkscape ni ya bure na inatosha kazi zote za mwanzo, hivyo usijifunge mapema. Pili, zile roli za mpira zinazobana vinili zinasogezeka? Zisiposogezeka hutaweza kulisha mashine vipande vyembamba, na mabaki ni sehemu kubwa ya faida yako.

Kama una mashine ya leza, usijaribu kuitumia hapa. Vinili hii ni plastiki ya PVC, na ikiunguzwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu na kutafuna vyuma vya mashine yenyewe. Printa ya rangi nayo iache kwanza. Stika za picha wapelekee wenye printa kubwa, wewe ubaki na rangi mojamoja za kukata mpaka oda zenyewe zidai printa.

Vinili si moja

Vinili ya bei nafuu hutengenezwa kwa kuminywa na kuvutwa kati ya roli za joto. Imevutwa, kwa hiyo muda wote inataka kurudi ilikotoka. Ikipigwa jua husinyaa, na pale ukingo ulipokuwa hubaki uzi mwembamba wa gundi tupu. Gundi hiyo hukamata vumbi, na baada ya muda herufi nyeupe imejichorea mpaka mweusi. Mteja atasema ulikata vibaya, kumbe ulinunua vibaya. Matangazo ya muda, stika za ndani na za kugawa bure zinaifaa. Kibao cha duka hakiifai.

Daraja la kati, linaloitwa polimeri, husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko hiyo na hukaa nje miaka mitano hadi saba kwenye uso bapa. Juu yake kuna vinili ya kumiminwa: ilimwagwa ikiwa majimaji ikakauka, haina mvuto wa kurudi popote, na unene wake ni kama mikroni 50 tu, yaani mm 0.05. Hiyo ndiyo ya kupita juu ya ribiti na mikunjo ya gari. Ukilazimisha ya bei nafuu kwenye mkunjo italala vizuri mbele ya mteja, kisha itainuka wiki ijayo.

Gundi nayo inatofautiana. Vinili ya chapa ya Oracal namba 651, kwa mfano, ina gundi ya kudumu. Namba 631 haing'ai na gundi yake hubanduka, ndiyo maana inapendwa kwa kuta za ndani. Ukibadilisha mahali pake, moja itang'oa rangi ya ukuta na nyingine itadondoka garini. Na ile miaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa inahesabiwa kwa stika iliyosimama wima. Kwenye boneti au paa, jua linapopiga moja kwa moja, ipunguze sana.

Anza na nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, na rangi moja ambayo umeshaiona ikiulizwa. Roli zihifadhi zikiwa zimesimama au zimening'inizwa. Ukizilaza zikabebana, zinapata ubapa ambao utauona kwenye kazi.

Kisu na kipande cha majaribio

Kisu cha nyuzi 45 kinakata vinili nyingi. Cha nyuzi 60 ni cha vinili nene, ile inayoakisi mwanga, na michoro midogo. Kosa la kawaida ni kukitoa kisu nje kupita kiasi. Kinachotakiwa kuchungulia ni ncha tu, kiasi cha nusu ya unene wa kadi ya benki, tena hapo ni pengi. Kazi ya kukata ifanywe na shinikizo, si urefu wa kisu. Kwa vinili ya kawaida anza na gramu 80, upande kidogokidogo kuelekea 120.

Kila roli mpya, kila rangi mpya, kata mraba wa sm 1 wenye duara ndani yake. Ung'oe, kisha geuza karatasi ya nyuma uiangalie kwenye mwanga. Unatafuta alama hafifu kama ya ukucha. Kama hakuna alama na vinili inang'ang'ania kwenye kona, ongeza gramu 5. Kama karatasi imepasuka, punguza, kwa sababu karatasi iliyokatwa itatoka pamoja na stika na kazi nzima itavurugika. Kona za mraba zikijikunja au duara lisipofunga pale lilipoanzia, tazama ile namba ya umbali kati ya ncha na kitovu cha kisu kwenye mipangilio, mara nyingi mm 0.25. Ikikataa bado, kisu kimechoka au kuna kipande cha vinili kimeganda kwenye kishikio chake. Kifungue ukipulize kabla hujalaumu mashine.

Kwa kazi ndefu, fungua urefu wote utakaohitajika uning'inie kabla ya kubonyeza kitufe. Plota ikivuta roli nzito yenyewe, vinili huenda upande, na herufi ya mwisho itakuwa imepanda mlima. Acha sm 2 kila upande. Zima pia hali ya kompyuta kujilaza, maana ikilala katikati ya kazi, mstari nao unaishia hapo.

Faili la mteja

Utatumiwa picha ya JPEG iliyopitia simu tatu. Plota haisomi picha, inafuata mistari, kwa hiyo unachohitaji ni faili la vekta: SVG, EPS, au PDF iliyotoka kwenye programu ya uchoraji. Inkscape inaweza kufuatisha picha na kuigeuza mistari, lakini picha yenye ukungu hutoa mistari yenye nundu mia, na kisu kitazikata zote kwa uaminifu. Mara nyingi ni haraka zaidi kuandika upya jina kwa fonti inayofanana.

Maandishi yageuze kuwa mistari kabla ya kuyatuma kwenye mashine. Mwandiko wa kuungana lazima uunganishwe uwe umbo moja, la sivyo kisu kitakata kila herufi inapoilalia jirani yake, nawe utakuta mikato katikati ya jina. Stika ya kubandikwa ndani ya kioo isomwe kutoka nje inakatwa kinyumenyume. Vinili ya fulana, ile ya kupigwa pasi, nayo hivyo hivyo. Andika neno KINYUME kwa kalamu kwenye oda; kila anayefanya kazi hii amewahi kusahau.

Kuhusu ukubwa, hesabu inayosaidia ni urefu wa herufi wa sm 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kioo kinachosomwa kutoka mita 12 kinataka herufi za sm 10. Mteja anayetaka kuweka huduma zake ishirini na namba nne za simu kwenye mlango wa gari, mwoneshe kwa karatasi ukiwa umesimama mbali. Na mistari myembamba kuliko mm 1 ikatae. Haina gundi ya kuishika.

Kuchambua na tepu

Chambua siku uliyokata. Gundi hutembea, hasa kwenye joto, na mkato uliokaa siku kadhaa huanza kujifunga. Kwenye faili, kabla ya kukata, chora kisanduku kuzunguka kila mstari wa maandishi ili ung'oe ziada kwa vipande vidogo badala ya shuka moja linalojinasa lenyewe. Ivute ziada ikiwa imelala, karibu kugusa karatasi, polepole. Matumbo ya herufi kama A na O yaache mwisho, kwa kindoano.

Tepu ya kuhamishia, ile inayobeba herufi zote pamoja kutoka kwenye karatasi hadi mahali pa kubandikwa, iwe ya mnato wa kati kwa kazi nyingi. Yenye nguvu sana itanyofoa karatasi na baadaye itaondoka na herufi. Ibandike kuanzia katikati kwenda pembeni kwa skwiji (kibao bapa cha kukamulia), kisha geuza kazi yote uso chini. Hapo vuta karatasi kutoka kwenye stika, siyo stika kutoka kwenye karatasi. Tofauti inaonekana ndogo mpaka nukta ya herufi "i" ibaki nyuma.

Uso unaobandikwa

Stika nyingi zinazorudi zimeshindwa hapa. Nta ya gari, mafuta ya vidole, mabaki ya dawa ya vioo, vyote havionekani. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Angalia chupa ya spiriti unayonunua, maana baadhi zimeongezwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo ndiyo unayojaribu kuyaondoa. Rangi mpya ya ukuta isubiri wiki tatu hadi nne, kwani bado inatoa mvuke, na mvuke huo utapanda kama viputo chini ya stika. Ndoo na matangi ya plastiki laini inayoteleza kama nta hayashiki gundi ya kawaida, kwa hiyo jaribu kipande siku moja kabla ya kupokea oda ya mia.

Joto zuri ni kati ya nyuzi 10 na 30. Bati lililokaa juani, kama huwezi kutuliza kiganja juu yake, usiliguse. Gundi itanasa papo hapo na hutaweza kurekebisha.

Kwenye kioo, maji yanakupa nafasi ya kusogeza: lita moja na matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo. Nyunyiza kioo, weka stika, isogeze mpaka pima maji ikubali, kisha kamua kwa skwiji kutoka katikati. Subiri dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoa tepu. Kwenye uso mkavu tumia bawaba. Shikilia kazi mahali pake kwa ukanda wa tepu ya karatasi katikati, inua nusu moja, kata karatasi ya nyuma, laza huku ukikamua, ondoa ukanda, maliza nusu ya pili. Tepu ya kuhamishia ivutwe ikirudi juu yake yenyewe, imelala kabisa. Mwambie mteja asioshe gari kwa siku tatu.

Bei

Chukua jina la sm 100 kwa 25. Kwenye roli ya sm 61 linakula urefu wa karibu sm 105, na pembeni linabaki kamba la sm 30 na ushei. Kama ni nyeupe, kamba hilo utaliuza kesho. Kama ni zambarau, mteja huyu alipe upana wote. Ongeza tepu, ambayo inatumika eneo lilelile na ambayo karibu kila anayeanza huisahau. Ongeza asilimia 15 ya kuharibika. Kisha hesabu saa zako: faili, kuchambua, safari, kubandika. Stika ya sm 8 yenye maandishi madogo inaweza kudai muda mrefu kuliko mlango mzima wa gari, hivyo bei kwa mita ya mraba peke yake itakuumiza. Weka kiwango cha chini ambacho hakuna oda inayoshuka chini yake, na nusu ya malipo kabla ya kukata. Tahajia ithibitishwe na mteja kwa maandishi.

Nembo za klabu na za kampuni za magari zitaombwa sana. Kuziuza bila idhini ya mwenye nembo ni kosa, na dai moja linaweza kumeza faida ya mwaka mzima.

Kazi ya kubandua stika za zamani usiikatae, ila itoze kwa saa. Pasha moto kwa draya ya nywele mpaka vinili ilegee, vuta taratibu kwa pembe ndogo, gundi iliyobaki ifute kwa kiyeyusho kilichojaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Kwenye gari lililokaa na stika miaka mingi, rangi iliyokuwa imefunikwa haijapauka kama ya pembeni, na jina la zamani litabaki likisomeka hata ukimaliza. Mwambie mwenye gari hilo kabla hujawasha draya.