Mapera yanaoza yangali juu mtini

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina mpera mmoja nyuma ya nyumba hapa Nkuhungu, unazaa mpaka matawi yanalala ukutani ila mwaka wa pili huu hatujala pera la maana, yakianza tu njano yanalainika upande mmoja yanadondoka, ukipasua ndani funza watupu. Duka la pembejeo wameniuzia dawa nimepuliza mara tatu, wapi! Baba watoto anasema tuukate tupande mwarobaini. Nisaidie kabla hajalinoa panga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie aliweke panga chini, mti hauna kosa. Huyo ni nzi wa matunda, na yule msumbufu zaidi ni mgeni aliyetoka Asia, huku Afrika Mashariki aligundulika 2003 na toka hapo maembe na mapera hayana amani. Jike anatoboa ganda pera likiwa bado kwenye ukijani anapachika mayai ndani, siku mbili tatu yameanguliwa. Ndo maana dawa yako haikufua dafu, ulikuwa unapulizia mlango na mwizi keshaingia chumbani. Halafu acha kupuliza hovyo, watoto wanachuma na kula hapohapo.

Sasa niambie, yaliyodondoka unayapeleka wapi? Nahisi unayafagia tu mpaka shimo la taka. Basi shida yote iko hapo. Funza akishashiba anatoka kwenye pera, tena anaruka, mweke kwenye sahani utamwona anajikunja kama upinde halafu huyo, anaingia kwenye udongo sentimita chache tu, wiki moja na ushee anatoka nzi mpya anarudi mti uleule. Kwa hiyo kila asubuhi okota yote, na yaliyolainika juu uyachume, tia kwenye kiroba cha mbolea chenye nailoni ndani, funga kamba kisawasawa uache juani wiki mbili. Jua letu la Dodoma tunalilalamikia sana ila hapa linafanya kazi ya bure. Kuku nao waache waparue chini ya mti, wanadonoa mabuu.

Pili funika. Yakifika saizi ya ndimu, bado magumu, yavishe bahasha za kaki zile za maandazi au gazeti, funga uzi kwenye kikonyo, mvua ikilowesha badilisha. Usifunike yote utachoka bure, funika hamsini ya watoto mengine waachie ndege. Rambo usitumie, pera linatoka jasho linaoza vilevile, na zenyewe zilishapigwa marufuku toka Juni 2019. Hayo mengine chuma yakishapea, kijani kikianza kufifia, yaivie ndani.

Mitego ya kopo yenye kivutio inasaidia kiasi ila mingi inanasa madume tu, usiitegemee peke yake.

Ukipasua ukakosa funza ila kuna madoa meusi yamebonyea, hiyo ni chule, ukungu wa kipindi cha mvua, hapo punguza matawi upepo upite.

Na jirani ana mwembe? Nenda mkaongee naye aokote na yeye, maana embe zikiisha nzi wake wote wanahamia kwako, ukuta kwao si kitu.